Rili au spuli ya kurushia boya?

MziziwaTanga: Wakuu, naanza kozi ya kuzamia kina kirefu, mpaka mita 40, ile ya kupanda kwa vituo, yaani unasimama njiani ili gesi itoke mwilini taratibu. Mwalimu anataka kila mtu aje na uzi wake wa boya, lile la hewa linalorushwa kutoka chini ili mashua ijue tulipo. Dukani kuna rili yenye mkono wa kuzungushia, na spuli, kipande cha plastiki chenye tundu katikati basi. Bei haziendani kabisa. Tutazamia mlango wa Pemba. Nichukue ipi?

FundiMitungi: Spuli, mdogo wangu. Rili ina ekseli, ina mkono, ina skrubu ya kukazia, na uzi hupenda kujisokota palepale. Uzi ukikwama boya likiwa linapanda, utapanda nalo na vituo vyako umeviruka. Spuli haina cha kukwama.

Lakini usibanie urefu. Mkondo wa Pemba hauuachi uzi usimame wima, unaulaza. Ukirusha boya ukiwa mita 21, spuli ya mita 30 inaweza kuisha kabla halijatokeza. Siku za bamvua mimi hubeba ya 45 tu.

Ishike kwa gumba na kidole cha shahada kwenye tundu, ijizungukie yenyewe. Kuifunga kwenye jaketi lako la kuzamia wakati wa kurusha, hapana! Ikigoma, iachie iende zake. Ndiyo maana tunabeba ya pili. Na boya usilijaze: hewa uliyotia ukiwa mita 30 ikifika juu imetanuka mara nne.

BintiNyali: Shikamoo Fundi. Na kuingia ndani ya meli, kama Dania iliyozamishwa kaskazini mwa Mombasa 2002?

FundiMitungi: Marahaba. Huko sasa rili ina kazi yake, maana utakunja uzi mrefu huku unarudi. Funga kwanza nje, penye maji wazi, kisha tena mara tu ukishaingia. Uzi uwe mnene, chuma chenye kutu ni wembe. Na uwe umekaza muda wote. Uliolegea ndio unaonasa mapezi. Ila bila mafunzo ya kuingia melini, ishia mlangoni.

MziziwaTanga: Ahsante kaka. Na klipu ya kutundikia spuli, yoyote itafaa?

FundiMitungi: Chuma cha pua, ya ncha mbili. Hizo za bei poa zilizopakwa rangi ya fedha chumvi inazigandisha. Tena chagua kubwa, utaifungua ukiwa na glavu.