Mjadala: Mwanafunzi aandike kwa Kiswahili kwa nini alikosa, au aendelee kunakili masahihisho ubaoni?

Mleta mada

Walimu, wazazi na wanafunzi, shikamooni wakubwa, na salamu kwa rika zangu. Nafundisha Hisabati shule ya kata, Kidato cha Kwanza na cha Pili, na jambo hili limenikaa moyoni tangu muhula uliopita.

Nina binti wa Kidato cha Pili ambaye mara tatu, katika majaribio matatu tofauti, ameandika kwamba (a + b)² ni sawa na a² + b², badala ya a² + 2ab + b². Mara zote tatu nimemkosesha kwa kalamu nyekundu. Mara zote tatu amefanya masahihisho, na masahihisho yake yanapendeza kuyatazama: kichwa kimepigiwa mstari kwa rula, 2ab ipo mahali pake, mwandiko umenyooka. Nilimwita na daftari lake nikamwuliza, "Hii 2ab imetoka wapi?" Akanijibu, "Ubaoni, mwalimu."

Ndivyo masahihisho yalivyo katika shule zote nilizopita. Monita anakusanya madaftari, mwalimu anasahihisha mpaka usiku, madaftari yanarudi, kila mtu anafungua kuona kapata ngapi na jirani kapata ngapi, kisha jibu linaandikwa ubaoni na darasa zima linanakili. Aliyekosa kwa kutoelewa swali, aliyekosa kwa haraka, aliyedesa kwa mwenzake akadesa vibaya, wote wananakili mstari uleule.

Si kwamba hatukuambiwa. Andalio la somo tulilolizoea lina hatua ya tafakuri, baada ya kuimarisha maarifa na kabla ya hitimisho. Tunaijaza, na mthibiti ubora akija anaikuta. Lakini hiyo ni ya kipindi cha siku ile. Kazi ikisharudi na alama zake, mtoto hana pahali pa kukaa na kosa lake.

Tazameni pia jambo hili. Baraza la Mitihani la Tanzania kila mwaka hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne, somo kwa somo, yenye vielelezo vya majibu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe na maelezo ya kwa nini walikosa. Ni kazi nzuri sana, na kila mwalimu aisome. Ila wenye miandiko ile wameshamaliza shule. Taifa linajiuliza kwa nini walikosa, wao wenyewe hawakuwahi kuulizwa.

Hoja yangu ni hii. Kila jaribio likirudi, dakika 10 za kipindi kinachofuata ziwe za mwanafunzi kuandika nyuma ya daftari mambo matatu: swali gani limenishinda na nilidhani nini nilipokuwa nalijibu, nilijiandaaje, nitafanya nini tofauti mara nyingine. Yasipewe alama. Na yaandikwe kwa Kiswahili, hata kama somo linafundishwa kwa Kiingereza.

Najua hapo kwenye lugha nimechokoza nyuki. Mnasemaje?

Mwalimu wa Kemia

Mwalimu mwenzangu, nina mikondo mitatu ya Kidato cha Tatu na ule mkubwa una wanafunzi 92. Dakika 10 unazoziomba ni robo ya kipindi cha dakika 40. Mada haziishi hata tukikimbia, na mock haimsubiri mtu.

Halafu hayo maandishi nani atayasoma? Nikiyasoma yote silali. Nisipoyasoma, wiki ya tatu watoto watakuwa wameshajua kwamba hayasomwi na wataandika chochote. Hatua ya tafakuri uliyoitaja ilikufa hivyohivyo: tunaandika "wanafunzi wametafakari" na kengele inalia.

Mimi naamini kosa linaponywa na mazoezi. Mpe binti huyo maswali 20 ya kufungua mabano, atajua 2ab inatoka wapi.

Mzazi wa watoto watatu

Shule anayosoma mwanangu wa pili wameanza kitu kama hiki, na shule yenyewe sitaitaja. Kila mwisho wa mwezi wanajaza karatasi ya kujitathmini. Nimeona karatasi zake sita. Zote sita zimeandikwa "nitaongeza bidii na nitaacha mazungumzo darasani."

Mwanangu si mtoto wa mazungumzo. Ni mpole hata nyumbani tunamsahau chumbani. Nikamwuliza kwa nini anaandika hivyo. Akasema, "Mama, mwalimu anapenda tukiandika hivyo." Yaani mtoto amefundishwa kukiri kosa lisilo lake. Hilo limeniuma kuliko hizo D anazoleta. Mleta mada, lako litatofautianaje na hili?

Mwalimu wa Kiingereza

Nakubaliana na kujitathmini, nakataa Kiswahili. Mtihani wa Kidato cha Nne unamsubiri mtoto huyu kwa Kiingereza. Anatoka shule ya msingi akiwa amesoma kila kitu kwa Kiswahili, na tunahangaika mwaka mzima kumvusha. Kila tunapomfungulia mlango wa kurudi nyuma, anapita. Akiandika Kiingereza kibovu leo, kesho kitanyooka. Asipokiandika kabisa hakitanyooka.

Mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili

Shikamooni. Mnazungumzia muda na lugha, naomba niseme kuhusu fimbo.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu, kosa moja lilikuwa fimbo moja. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinataka viboko visizidi vinne, na achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye. Sisi hakuna aliyetuhesabia. Sasa mtoto wa darasa lile mnamwambia aandike ukweli wa namna alivyojiandaa. Nani angeandika "sikusoma, nilikuwa nakaanga maandazi na mama mpaka saa nne usiku"? Ataandika kitakachomvusha salama siku hiyo. Nadhani yule mtoto mpole anaandika "mazungumzo" kwa sababu kosa hilo adhabu yake ni ndogo.

Mleta mada

Nimechelewa kujibu, nilitaka kwanza nijaribu baadhi ya mliyosema.

Mama, maneno ya mwanao nimeyasoma mara mbili na yamenifanya nifute swali langu la tatu. Ukimwuliza mtoto "utafanya nini tofauti" unamwomba ahadi, na ahadi anazo nyingi, amezisikia kwenye paredi tangu darasa la kwanza. Sasa nauliza hivi: chagua swali moja ulilokosa, onyesha kwa kidole hatua uliyoanza kupotea, andika ulikuwa unafikiri nini hapo. Kwenye swali la namna hiyo "bidii" haiingii. Ama ameiona hatua, ama hajaiona, na asipoiona aandike kwamba hajaiona. Hilo nalo ni jibu, na mimi nitajua pa kuanzia.

Mdogo wangu wa chuo, uliyosema ni kweli tupu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilichapa kwa makosa ya hesabu. Najua sasa kwamba nilikuwa nafundisha watoto kuficha, na walijifunza vizuri. Kwenye vipindi vyangu kosa la daftarini halina fimbo, na nimewaambia hivyo mbele ya darasa ili wanishike kwa maneno yangu. Asiyeweza kuahidi hivyo, namshauri asianze kabisa, atavuna uongo tu.

Mwalimu wa Kemia, maswali 20 nilimpa. Alipata 17. Wiki iliyofuata nikatoa swali la eneo la mraba wenye upande x + 3, akaandika x² + 9 badala ya x² + 6x + 9. Katika yale 20 kichwa cha zoezi kilikuwa kinamwambia afanye nini. Kilipoondoka kichwa, mazoea yake ya zamani yalirudi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyagusa.

Kuhusu idadi, sisomi yote. Kila mkondo nachukua madaftari 10, na wanafunzi hawajui ni yapi. Nimeona kwamba makosa ya darasa zima huwa na vyanzo vichache, mara nyingi vitatu au vinne. Nikishavijua, sirudii jaribio zima ubaoni, nafundisha hivyo tu. Zile dakika 10 zinarudi.

Na kuna jambo ambalo wengi tunaanzisha karatasi hizi bila kulifanya. Marsha Lovett wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ameeleza karatasi ambayo mwanafunzi anaijaza akirudishiwa mtihani: nilijiandaaje, nilikosa wapi, nini nibadilishe. Mwalimu anaikusanya, kisha anamrudishia siku chache kabla ya mtihani unaofuata. Mtoto anakutana na maneno yake mwenyewe wakati bado yanaweza kumfaa. Mama, uliza shuleni zile karatasi sita zilirudi lini mikononi mwa mwanao. Nina wasiwasi ziliishia kabatini.

Alama nazo nimezisogeza. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti aliofanya kwa wanafunzi wa Israeli: kundi moja lilipewa alama tu, jingine maoni tu, la tatu vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndio waliosonga mbele. Waliopewa vyote viwili hawakufaidi maoni yale, alama iliyameza. Basi mimi sasa daftari linarudi na mistari niliyopiga chini ya makosa, alama zinabaki kwenye rejista yangu mpaka waandike. Siku ya kwanza walilalamika sana. Ya pili walilalamika kidogo.

Mwalimu wa Kiingereza, wewe nimekuweka mwisho kwa sababu hapa sisogei. Yule binti nilimpa swali langu jipya kwa Kiingereza kwanza. Aliandika sentensi moja, kwamba atajitahidi zaidi. Nikamwambia aandike kwa Kiswahili. Akaandika: "Nilidhani ile mbili ya juu inaingia kwa kila mmoja, kama vile tatu inavyoingia kwa kila mmoja kwenye 3(a + b)."

Mwalimu, soma sentensi hiyo tena. Mtoto hakuwa mzembe. Alichukua kanuni ya kweli niliyomfundisha mimi mwenyewe Kidato cha Kwanza, akaipeleka mahali isipofika. Mwaka mzima sikuliona, na yeye hakuwa na Kiingereza cha kuniambia. Nilichora mraba wa upande a + b, nikaugawa vipande vinne, nikamwacha avitaje: a², b², na mistatili miwili ya ab. Alivihesabu mwenyewe. Majibu ya mtihani aandike kwa Kiingereza, na nitamsaidia ayaandike vizuri. Lakini mahali alipopotea aniambie kwa lugha aliyokuwa anafikiria nayo alipopotea.

Mwalimu wa Kiingereza

Sentensi hiyo ni nzuri, sikatai. Ila ukishaisikia kwa Kiswahili, mwongoze aiseme upya kwa Kiingereza, palepale. Usimwache njiani.

Mleta mada

Hilo nalipokea. Nitaongeza dakika tatu.

Mwalimu wa Kemia

Mnaongeza dakika kama vile kuna duka zinakouzwa. Bado siamini kwamba madaftari 10 yanaweza kuwasemea watu 92, na katika Kemia mtoto anaweza kupotea hatua ya kwanza kwa sababu hajawahi kuishika bureti kwa mkono wake. Hapo hata aandike kurasa mbili hatajua amekosa nini.

Lakini ule mraba wa vipande vinne umenigusa. Niandikie hapa maswali yako yalivyo sasa. Nitayajaribu kwenye kusawazisha milinganyo, mkondo mmoja tu, tena huo mkubwa. Muhula ukiisha nitarudi kusema nilichokiona, hata kama sicho unachokitaka.