Mjadala: Dizeli ya madumu ipigwe marufuku njia ya Kigoma–Tabora, au kila mwenye pikapu ajilinde mwenyewe?

Mleta mada, Kigoma Mjini
Wakuu, habari za mchana. Ukipita gereji za Mwanga utakuta pikapu za juzi juzi ziko juu ya mawe, na ukiuliza unajibiwa neno moja: pampu. Mwenye gari anamlaumu muuza dizeli, muuza dizeli anamlaumu fundi, fundi anamlaumu dereva.

Hoja yangu: mkoa na EWURA, wasimamizi wa biashara ya mafuta, wafunge kabisa dizeli ya madumu kando ya barabara, Uvinza hadi Kaliua. Pikapu hizi zina pampu ya komoni reli, yaani inayosukuma dizeli kwa presha kubwa kwenye bomba moja (reli) linalolisha injekta zote, na pampu hiyo haipati hata tone la oili ya injini. Inalainishwa na dizeli ile ile inayoisukuma, na inaisukuma kwa presha ya bar 1,600 na kuendelea, wakati tairi lako lina bar 2 na ushee. Maji yakipita humo, utando wa mafuta unakatika na chuma kinasaga chuma. Mafuta ya taa yanayochanganywa humo nayo yanafanya hivyo hivyo, ila taratibu. Anayepinga aje.

Mama Dagaa, Kibirizi
Napinga. Napeleka dagaa Urambo kwa pikapu, kwa hiyo uchungu wa pampu naujua. Lakini ukifunga madumu, mashine za kusaga za vijijini zitasagia nini? Na mimi nitafanya nini? Nitabeba dumu langu nyuma ya gari kutoka mjini, juu ya magunia, na vumbi lile lile litaingia. Kosa ni kuchakachua, dumu halina kosa. Leseni za vituo vya vijijini zipo, wapewe watu wa Nguruka na Malagarasi wauze kihalali. Mwenye kituo chenye jina ataogopa, wa dumu akiharibu anahama mti.

Fundi wa Ujiji
Shikamoo mama. Nakuunga mkono nusu.

Nikifungua filta nakuta nini? Maji. Chini ya filta ya dizeli kuna kikombe cha kutenga maji, kina kifundo cha kufungulia. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi unasimama, unalegeza kifundo, unayamwaga mpaka itoke dizeli safi, unakaza. Kazi ya dakika chache. Madereva wetu wanaiona taa Uvinza na kuimaliza safari Tabora nayo inawaka! Halafu tunaambiwa dizeli mbaya.

Pili ni filta za bei chee. Boksi zuri, ndani karatasi nyepesi isiyozuia kitu. Pikapu hizi zinahitaji filta ya kuzuia chembe za mikroni chache, ambazo jicho halizioni. Na fundi anayejaza filta mpya dizeli ya kwenye kopo ili gari liwake haraka, huyo ameingiza uchafu upande wa pili wa chujio, moja kwa moja kwenye pampu. Kile kipampu cha mkono juu ya filta kimewekwa cha nini? Bonyeza mpaka kiwe kigumu.

Tatu, kutembea na tenki la mwisho mwisho. Pampu inavuta hewa na matope ya chini. Na tenki tupu likilala usiku wa masika linatoa jasho kwa ndani, jasho hilo ni maji. Jaza jioni.

Mzee wa Land Cruiser, Kaliua
Vijana mnahangaika. Nunueni gari la zamani lenye injini ya 1HZ. Yangu inakunywa chochote.

Fundi wa Ujiji
Mzee wangu, kwa heshima: hata 1HZ pampu yake inalainishwa na dizeli. Inavumilia kwa kuwa presha yake ni ndogo mno kuliko hizi. Za kulainishwa na oili ni zile pampu za mstari za injini ya 2H. Hiyo yako nayo inaumia, ila haisemi.

Kijana wa Urambo
Mbona mtengenezaji hatajwi? Marekani hakuna madumu, na pampu ya CP4 ya Bosch imewatesa. Ram za 2019 na 2020 zenye injini ya Cummins ziliitwa na mtengenezaji zirudishwe, zikafungwa CP3, toleo lililoitangulia! Na kiwango chao cha ulainishaji ni kilegevu kuliko cha Ulaya: dizeli hupimwa kwa kusugua chuma ndani yake, na kovu linalobaki likiwa kubwa ulainishaji ni mdogo; kwao linaruhusiwa hadi mikroni 520, Ulaya 460. Kwa hiyo hata dizeli ya sheli ikiwa kavu, yaani hailainishi vizuri, pampu dhaifu inakufa. Tukifunga madumu tutakuwa tumemkamata mdogo.

Mleta mada
Kijana, Hilux zetu nyingi zina pampu za Denso, usituletee kesi ya watu wengine. Tena umesahau ya kwetu: kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa kwenye bajeti ya 2011/12 kwa sababu watu walikuwa wanayachanganya kwenye dizeli. Serikali ikitaka, inaweza.

Mama Dagaa
Ilipandisha, na bibi yangu akalipia kibatari. Ndiyo hayo ninayosema.

Mpiga debe, Tabora
Hata sheli, ukikuta lori linashusha mafuta, ondoka. Takataka za chini ya tangi zinapanda. Mimi natatizwa na kitu kimoja: nikijaza maji sheli, nani ananilipa?

Fundi wa Ujiji
Bila ushahidi hulipwi. Chukua risiti ya EFD kila mara. Gari likianza kukohoa, zima, usilazimishe. Kinga dizeli ya filta kwenye chupa nyeupe mbele ya shahidi, iache itulie. Maji yatakaa chini, utayaona. Na ukikuta vumbi la chuma linalometameta, usikubali kubadilishiwa pampu peke yake. Tenki lishushwe lioshwe, reli, mipira ya kurudisha na injekta zote vikaguliwe, la sivyo pampu mpya itakula vyuma vya marehemu.

Mleta mada
Sawa, nalegeza: madumu yafungwe pale tu penye kituo chenye leseni ndani ya mwendo unaofikika. Mama, hapo unakubali?

Mama Dagaa
Kituo kianze. Kikishafunguliwa Nguruka, njoo unifungie dumu.