Mjadala: Picha za dhiki ya Korea baada ya vita, ushahidi au udhalilishaji?

Mtoa mada: Wakuu, tulijadili hili bila kurushiana vijembe.

Mwaka 1953 mpigapicha Mkorea Limb Eung-sik alimpiga picha kijana mmoja mtaani Myeong-dong, Seoul. Kijana kaegemea ukuta, mikono mfukoni, kofia imemshukia machoni. Kiunoni kafunga kibao: "gujik", yaani natafuta kazi. Nyuma yake wanaume wa suti wanapeana mikono. Mimi hao wa nyuma ndio wanaoniuma kuliko hata kibao.

Limb alianzia kwenye picha za kupendeza, zile za mandhari na mwanga laini. Vita vya Korea ndivyo vilivyomgeuza. Sasa, mpigapicha ana haki gani ya kuchukua dhiki ya mtu akaitundika ukutani? Nasema anayo, hasa pale wakubwa wanapotaka dhiki hiyo isionekane. Mpigapicha mwingine, Choi Min-shik, alizunguka mji wa bandari wa Busan miaka na miaka akiwapiga wachuuzi wa samaki, ombaomba na watoto wenye njaa. Utawala wa Rais Park Chung-hee wa Korea Kusini, uliokuwa ukihubiri maendeleo, ukamsumbua kwa hilo. Na Choi hakuwa mtalii wa umaskini, naye aliuonja.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umejichagulia mfano mwepesi. Kijana wako kofia imemsitiri. Njoo kwa mpigapicha Joo Myung-duck: mwaka 1966 alionyesha Seoul picha za watoto wa kituo cha yatima cha Holt, mama zao Wakorea, baba zao askari wa kigeni. Nchi inayojivunia damu moja, halafu unaitundikia sura za watoto ambao tayari wananyooshewa vidole! Mtoto anakutazama moja kwa moja. Nani alimwombea ruhusa? Na kuwahi kulala njaa hakukupi hati ya kumiliki uso wa mwenzio, hilo la Choi nalikataa.

Mtoa mada: Kwenye ruhusa umenibana, sina jibu zuri. Ila fikiria upande wa pili. Watoto wa aina hiyo walikuwa wakipelekwa Marekani kuasiliwa, na wengi wangefurahi waondoke kimyakimya. Joo hakuwapiga wakilia ili tuwahurumie. Aliwatazama kama watu, na kitabu cha 1969 akakiita "Majina Yaliyochanganyika". Majina, si matatizo.

Mchangiaji wa pili: Nyote mnaongea kama vile Korea nzima ilikuwa machozi. Mpigapicha Han Youngsoo alikuwa askari kwenye vita hivyohivyo, akarudi akaipiga Seoul ileile miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960: dada kavaa nadhifu, mwavuli mkononi, anakatiza barabara yenye theluji. Naye alificha ukweli? Kwangu yeye ndiye aliyewaheshimu zaidi.

Mchangiaji wa kwanza: Hapo sikubaliani hata nawe. Kumpiga aliyependeza ni rahisi, yeye mwenyewe anataka aonekane. Mtihani uko kwa asiyetaka.

Mtoa mada: Basi turudi kwa yule kijana. Kibao alikifunga mwenyewe ili kisomwe, kofia akaishusha mwenyewe asitambulike. Limb kachukua vyote viwili kama alivyovikuta. Angemwambia "hebu inua kofia kidogo", ningehamia upande wako leo hii.