Naomba ushauri: amplifaya ya gari inaunguza fyuzi, nitengeneze mwenyewe au nimpe fundi?

Wakuu, habari za muda huu. Amplifaya yangu ya chaneli nne ilikuwa inapiga vizuri tu, juzi nikiwa barabarani ikakata ghafla. Nikaweka fyuzi mpya, pa! Nikachomoa waya zote za spika na za redio, ikabaki ya betri na ya bodi ya gari (hasi) peke yake. Fyuzi ya tatu nayo ikaenda.

Nimefungua mfuniko. Upande unaoingia umeme kuna transista nne zimebanwa kwenye alumini, na moja ina katundu kadogo kama ka sindano, imezungukwa na weusi. Harufu ya kuungua bado ipo. Nikipima kwa mita inalia miguu yote mitatu, yaani imepiga shoti. Jirani yake nayo inalia, ila zimeungwa sambamba, kwa hiyo sijui kama ni mbovu kweli au inasingiziwa na mwenzake.

Kulehemu najua kiasi, redio mbili tatu nimeshafufua (moja sitaki kuizungumzia). Hofu yangu nibadilishe moja, nayo iungue papo hapo. Je, nibadilishe zote nne pamoja na rizista za geti (zile za kwenye mguu unaoiwasha transista)? Na siku ya kuwasha, nikiunga balbu ya volti 12 mahali pa fyuzi, itanilinda?

Fundi niliyempelekea aliitikisa sikioni, akasema niiache wiki mbili. Nikaondoka nayo. Aliyewahi kuifanya hii kazi anisaidie.