Michango ya mtandaoni kwenye siasa za Marekani: hela inapita wapi, na mbona meseji haziishi?

Mtepe_77: Wakuu, wagombea wa Marekani wanaomba dola 10, dola 25 kwa meseji na barua pepe. Hiyo hela inamfikiaje mgombea? Mwenye green card anaruhusiwa? Na mbona ukimchangia mmoja unaandamwa na wengine kumi?

Karani wa Kura: Kwa Democratic, sehemu kubwa hupitia ActBlue, jukwaa la mtandaoni la kupokea michango lililoanza 2004, Republican wana WinRed ya 2019. ActBlue hukata asilimia 3.95, kwa hiyo dola 25 humfikia mgombea ikiwa kama 24.01. Green card ruksa. Viza ya masomo au ya kazi hairuhusiwi, hata dola moja. Fomu ikikubali isikudanganye: unathibitisha kwa tiki tu, kosa linabaki lako. Kuchangia kwa jina la mtu mwingine nako ni kosa.

Dada Zuhura: Mkuu, kabla ya kubonyeza, shuka hadi chini ya fomu utafute kiboksi cha kurudia mchango. Kampeni ya Trump ya 2020 ilikiweka kikiwa na tiki tayari, mwanzo kila mwezi, baadaye kila wiki. Watu wakakatwa mfululizo, na mamilioni ya dola yakabidi yarudishwe. Ukishanaswa, anzia kwenye risiti iliyokuja kwa barua pepe, usitishe humo.

Na zile ahadi za "mchango wako utazidishwa mara 5" zinaniudhi sana, kwa sababu wanaoumia ni wazee. Msimu wa 2025–2026 mtu mmoja haruhusiwi kumpa mgombea wa Bunge la Marekani zaidi ya dola 3,500 kwa kila uchaguzi. Nani basi anazidisha michango ya maelfu ya watu?

Mtepe_77: Shukrani. Na meseji?

Karani wa Kura: Kampeni hukodishana na kubadilishana orodha za wachangiaji. Ukijibu STOP anaacha huyo aliyekutumia. Aliyeuziwa orodha jana anaendelea. Dawa ni kuzuia mapema: sehemu ya simu iache wazi kama si lazima, na kwenye Gmail ongeza alama ya kujumlisha na neno kabla ya @, mfano jina+seneti. Barua ya mgombea mwingine ikija kwa anwani hiyo, umeshajua orodha ilitokea wapi.

Halafu jina lako litaonekana hadharani. Kwa kawaida huorodheshwa michango ikizidi jumla ya dola 200, lakini inayopitia ActBlue au WinRed huripotiwa yote kwenye tovuti ya FEC (tume ya uchaguzi ya serikali kuu ya Marekani), pamoja na kazi yako na mwajiri wako.