Mzazi ananiomba nifute maelezo ya kweli katika rekodi ya mtoto: maadili ya taaluma yetu yanasemaje?

Mwalimu wa Chekechea anauliza:

Walimu wenzangu, salaam.

Ninafundisha watoto wa miaka minne na mitano katika kituo cha elimu ya awali. Kila mtoto anayehamia shule ya msingi huondoka na rekodi ya maendeleo, na shule inayompokea huisoma kabla ya kumpangia darasa. Katika rekodi ya mtoto mmoja mwenye miaka mitano nimeandika kwamba bado anazungumza kwa maneno mawili au matatu kwa wakati mmoja, kwamba watu wasiomzoea hawamwelewi, na kwamba ingefaa usikivu na usemaji wake uchunguzwe na wataalamu. Mama yake alipoisoma aliniomba, kwa heshima kabisa, niifute sehemu hiyo yote. Hoja yake ni kwamba mtoto akitangulizwa na maneno ya namna hiyo atapachikwa jina siku ya kwanza, na jina la shuleni halibanduki kirahisi. Mkuu wa kituo ameniambia nifute tu yaishe, kwa sababu familia hiyo ina watoto wengine hapa na yeye hataki mgogoro.

Mama huyu hana nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo linalonipa taabu, kwa kuwa ningejua la kufanya kama angekuwa mzazi asiyejali. Naomba ushauri katika mambo mawili. Kwanza, nina wajibu gani kwa mtoto, kwa mzazi na kwa mkuu wangu, na upi unatangulia? Pili, ni nyaraka zipi za maadili ya walimu wa watoto wadogo ninazoweza kuzipata bila malipo, ili niende kwenye kikao nikiwa na kitu cha kushika badala ya maoni yangu peke yake?

Mkufunzi anajibu:

Mwalimu, umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo mawili, na ni vyema yatenganishwe mapema, maana moja lina jibu la wazi na jingine halina.

Agizo la mkuu wako la kufuta jambo la kweli ili familia isikasirike si mtanziko wa kimaadili. Mtanziko huwapo pale ambapo wajibu mbili halali zinavutana, na kuikwepa lawama si wajibu wa kimaadili kwa mtu yeyote. Hapo unatakiwa kukataa, ingawa kukataa nako kuna adabu yake, kama nitakavyoeleza. Ombi la mama ni jambo la namna nyingine, kwa sababu familia ina haki ya kweli ya faragha, na vilevile ina haki ya kushirikishwa katika uamuzi mzito unaomhusu mtoto wake. Hapo ndipo mtanziko ulipo.

Waraka unaosomwa zaidi katika fani yetu ni kanuni za maadili za chama cha taifa cha elimu ya watoto wadogo cha Marekani, NAEYC, ambazo zilipitishwa mwaka 1989 na kufanyiwa marekebisho baadaye, yakiwemo ya 2005 na 2011. Zinapatikana bure katika tovuti yao. Zimegawanywa katika sehemu nne, yaani wajibu kwa watoto, kwa familia, kwa wafanyakazi wenzetu, na kwa jamii. Kanuni ya kwanza kabisa inasema kwamba, kuliko yote, tusimdhuru mtoto, na waraka wenyewe unatamka kwamba kanuni hiyo inatangulia nyingine zote. Hilo linajibu swali lako la upi unatangulia. Halijibu, hata hivyo, swali gumu zaidi: katika kisa hiki, kipi hasa kinamdhuru mtoto? Mama anasema ni maandishi, nawe unasema ni ukimya. Nyote wawili mnaweza kuwa na haki, na inategemea sana maandishi yenyewe yameandikwaje.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda mbali, tungependa kujua umeandika nini hasa.

Baba wa Mapacha anaandika:

Mimi si mwalimu, ni mzazi tu, na nitasema jambo ambalo pengine halitapendeza hapa. Mtoto ni wa mama yake. Mwalimu anakaa naye mwaka mmoja au miwili, kisha anapokea wengine, lakini mzazi ndiye atakayebeba matokeo ya karatasi hiyo miaka yote inayofuata. Mzazi akisema taarifa fulani isitoke nje, mwalimu anapata wapi mamlaka ya kuitoa? Daktari hapeleki cheti cha mgonjwa kwa mwajiri wake bila ruhusa. Ninaona walimu mna tabia ya kuandika mengi kuhusu watoto wetu bila kutuuliza, kisha mnaiita kazi hiyo taaluma.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza anajibu:

Ndugu Baba wa Mapacha, katika suala la ruhusa nakuunga mkono, na hata kanuni alizozitaja Mkufunzi zinataka taarifa za tathmini ya mtoto zitunzwe kwa siri na zitolewe tu pale penye haja halali, na familia ielezwe mapema zitatumikaje. Nisipokuunga mkono ni pale unapomfanya mzazi kuwa mwisho wa maneno yote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 18, unawapa wazazi jukumu la kwanza la kumlea mtoto, na hapohapo unasema kwamba maslahi bora ya mtoto ndiyo yatakayokuwa jambo lao la msingi. Jukumu na masharti yake vimewekwa katika kifungu kimoja. Tena mfano wako wa daktari una upande wa pili, kwa kuwa daktari hapeleki cheti bila ruhusa, lakini pia habadilishi matokeo ya vipimo kwa sababu mgonjwa hayapendi.

Mimi ndiye ninayezipokea rekodi hizi, kwa hiyo niseme zinavyofika. Nyingine zina sentensi kama hii: "Anachelewa kuzungumza na hana ushirikiano." Maelezo hayo hayanisaidii kwa lolote. Sijui amechelewa kwa kipimo gani, nani alimsikiliza, alikuwa akicheza na nani, wala kama lugha ya darasani ndiyo anayoizungumza nyumbani. Kinachobaki kichwani mwangu ni lawama tu, na nakiri kwamba hofu ya mama huyu ina msingi, maana nimeona walimu wakimkalisha mtoto nyuma kwa sababu ya mstari mmoja wa namna hiyo. Lakini nimepokea pia rekodi isiyokuwa na neno lolote, ya mtoto ambaye tulikuja kugundua baada ya muhula mzima kwamba hasikii vizuri. Muhula mzima alionekana mkaidi.

Mwalimu wa Chekechea:

Nawashukuru nyote. Nimeirudia rekodi yangu, na sentensi inayomuumiza mama ni hii: "Ana tatizo la lugha, anahitaji kufanyiwa uchunguzi." Msingi wake ni maelezo ya siku kadhaa niliyoandika katika daftari langu, na mwalimu mwenzangu ameandika yake pia. Nanukuu moja kama lilivyo:

"Mchezo wa duka. Alimwonyesha mwenzake kikapu akasema: mimi lipa. Mwenzake akauliza: unalipa nini? Akarudia: mimi lipa. Kisha akatoa vitu kimoja kimoja akavipanga mbele ya mwenzake, akanyoosha mkono kungoja chenji. Mchezo uliendelea hadi wakati wa kunawa mikono."

Mkufunzi anajibu:

Basi jibu unalo katika daftari lako, Mwalimu. Tazama maelezo hayo yanabeba mambo mangapi ambayo ile sentensi ya rekodi imeyaficha. Mtoto anaelewa mchezo una hatua gani, anangoja zamu yake, anajua baada ya kulipa kuna chenji, na asipoeleweka kwa maneno anatafuta njia nyingine ya kujieleza badala ya kulia au kuondoka. Wakati huohuo yanaonyesha wazi kwamba vitenzi vyake havina viambishi na kwamba hakujibu swali la "nini". Mwalimu wa darasa la kwanza akisoma hayo atajua aanzie wapi, na mama akisoma atamtambua mwanawe.

Kwa hiyo usifute, ila andika upya. "Ana tatizo la lugha" ni utambuzi wa kitaalamu, na sisi walimu hatuna sifa ya kuutoa. Wajibu wetu ni kusema tulichokiona na kusikia, tukionyesha ni katika mazingira gani na ni mara kwa mara kiasi gani. Kanuni za NAEYC zinataka pia kwamba uamuzi kama wa kumpokea mtoto, kumrudisha darasa au kumpeleka kwenye huduma maalumu utegemee vyanzo zaidi ya kimoja vya taarifa, usitegemee kamwe jaribio moja au uangalizi mmoja. Wewe una maelezo yako na ya mwenzako, na bado kinakosekana chanzo kikubwa kuliko vyote viwili, yaani mama mwenyewe. Muulize mtoto huzungumzaje nyumbani, kwa lugha ipi, na nani humwelewa. Ikiwa nyumbani kuna lugha mbili, fahamu kwamba kukua na lugha mbili hakusababishi ulemavu wa usemaji, ingawa mtoto anayesitasita katika lugha zote mbili ni wa kuangaliwa.

Kuhusu uchunguzi, ningeanza na masikio. Watoto wadogo mara nyingi hupata majimaji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya maambukizi, wakawa wanasikia vizuri wiki hii na vibaya wiki ijayo, na mara nyingi hali hiyo inatibika. Mzazi anayeogopa neno "tatizo" huwa mwepesi zaidi kukubali kipimo cha usikivu, na huo si ujanja, kwa kuwa ndiyo hatua sahihi ya kwanza.

Sasa mkuu wako. Mwende faragha, kabla hujamweleza mtu mwingine yeyote kituoni, kwa sababu kanuni zilezile zinatutaka tujaribu kwanza kurekebisha mambo kwa njia ya kujenga ndani ya taasisi tunayoifanyia kazi. Mpelekee rekodi uliyoiandika upya pamoja na nyaraka mbili. Ya kwanza ni mapendekezo ya pamoja ya Shirika la Kazi Duniani na UNESCO ya mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu, ambayo yanawahusu walimu wa awali pia. Yanahimiza ushirikiano wa karibu kati ya mwalimu na mzazi, lakini yanataka mwalimu alindwe dhidi ya kuingiliwa isivyo haki katika mambo ambayo kimsingi ni ya kitaalamu. Yanasema pia kwamba mzazi mwenye malalamiko apewe kwanza nafasi ya kuyajadili na mkuu wa shule na mwalimu anayehusika, na mimi ningemwomba mkuu aitishe kikao hichohicho. Ya pili ni maoni ya jumla namba 7 ya Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2005, yanayoeleza ule Mkataba wa Haki za Mtoto unavyotekelezwa kwa watoto wadogo. Ukipata muda zaidi, soma mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2013 kuhusu kazi zenye staha katika elimu ya watoto wadogo, maana wakuu wengi huwatupia walimu mizigo ya namna hii kwa kuwa kituo hakina utaratibu ulioandikwa. Mkuu wako akikubali hata kurasa mbili tu zinazoeleza nani anaiona rekodi, nani anaridhia itoke na inahifadhiwa kwa muda gani, mwalimu atakayekufuata hatajikuta hapa.

Mwalimu wa Chekechea:

Na kama mama atasoma maelezo mapya, akayakubali kuwa ni ya kweli, lakini bado akasema yasiende shuleni?

Mwalimu wa Darasa la Kwanza anajibu:

Hapo hoja ya Baba wa Mapacha inashika nafasi yake. Mkabidhi mama nakala mkononi, mshauri, mwandikie mahali pa kumpeleka mtoto kupimwa, kisha mwache aamue atampa nani. Kanuni zinaruhusu kuivunja siri ya familia pale tu mwalimu anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba ustawi wa mtoto uko hatarini, kama vile kupigwa au kutelekezwa, na mama anayekuja kituoni kusoma rekodi ya mwanawe mstari kwa mstari hayuko katika kundi hilo. Nakala ya kituo ibaki kamili, isipunguzwe neno. Ila muulize kama angependa mimi, au mwenzangu atakayempokea mtoto, tukutane naye ana kwa ana badala ya kutumiwa karatasi, kwa sababu wazazi wengi niliowaona wakikataa kutoa rekodi walikubali kuzungumza wenyewe, na mara nyingi walisema mengi kuliko yaliyokuwa yameandikwa.