Naomba ushauri: nitapunguzaje uzito ikiwa nyumbani tunakula pamoja katika sinia?

Mama wa Machomanne

Assalaam aleikum, ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Chake Chake, nina umri wa miaka 41 na watoto wanne. Naleta jambo ambalo daktari ameliandika katika kadi yangu kama la kwangu peke yangu, ilhali kila ninapolitafakari naliona ni la nyumba nzima.

Nilipopimwa hivi karibuni, sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4, presha 136 kwa 86, uzito kilo 84 na kiuno sentimita 97. Sikupewa dawa. Niliambiwa nipunguze uzito, nipunguze wali, sukari na mafuta, nitembee kila siku, kisha nirudi baada ya miezi mitatu. Maelekezo hayo yako wazi na sina ugomvi nayo, isipokuwa yanamfaa mtu anayejipikia, anayejipakulia na anayekula peke yake.

Nyumbani kwetu tuko saba pamoja na mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu. Chakula kikubwa ni cha mchana, watu wakisharudi: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, na mchicha kidogo ukiwepo. Mume wangu na wavulana wana sinia lao, nami hula na mabinti na mavyaa. Katika sinia hakuna fungu la mtu. Sijui nimekula kiasi gani, na hata nikijua kwamba nimeshiba siwezi kuinua mkono mapema, kwa sababu mavyaa akiniona nimenawa naye hunawa, na yeye ni mtu mzima ambaye siku hizi tunambembeleza ale. Kisha kuna wali uliobakishwa na watoto. Nimelelewa kuamini kwamba kumwaga chakula ni israfu, kwa hiyo mabaki huishia kwangu, na nadhani kina mama wengi wanaosoma hapa wanaujua mlo huo wa pili, unaoliwa kwa kusimama jikoni na usiohesabiwa na mtu yeyote.

Nilipojaribu kupunguza nazi, mavyaa hakusema kitu kwangu. Alimuuliza mwanawe kama biashara ya duka imekuwa mbaya.

Kutembea nako kuna mambo yake. Naamka kabla ya alfajiri kutayarisha chai na vitafunio, nawahi skuli, narudi kupika, watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na baada ya hapo kuna madaftari ya kusahihisha. Hata muda ukipatikana, mwanamke mtu mzima anayetembea kwa kasi bila ya mkoba mkononi ataulizwa njia nzima, kabla hajafika Gombani, kuna msiba wa nani.

Lililonisukuma kuandika hasa ni binti yangu mkubwa, mwenye miaka 14, ambaye sasa ananisaidia jikoni. Ninapomfundisha kupika namfundisha pia kiasi cha mafuta, kiasi cha chumvi na vijiko vitatu vya sukari katika kikombe, na hakuna mwalimu mwingine atakayemsahihisha katika hayo. Mama yangu mzazi aliishi na kisukari kwa miaka mingi, na chungu ninachokipika ni kile kile alichonifundisha.

Je, nijipikie chakula changu mbali, au nibadilishe chungu cha wote? Nikibadilisha cha wote, nimwambieje mavyaa bila ya kumvunjia heshima?

Ukhti wa Mwanakwerekwe

Wa aleikum salaam, mwalimu. Mimi niliamua kujipikia changu. Nachemsha ndizi mbichi au kipande cha muhogo, nachoma samaki, naongeza mboga, na nakula katika sahani yangu. Wao nawapikia walichokizoea. Mwanzo walinicheka, baadaye wakachoka kucheka. Ukingoja watu saba wakubaliane, utangoja mpaka hiyo 6.4 ipande. Usione haya, mwili ni wako.

Bibi wa Wete

Mwanangu mwalimu, pole kwa hayo, na huyo ukhti aliyetangulia aniwie radhi kwa kuwa nampinga. Mke anayejipikia kando katika nyumba yenye mavyaa huonekana ama amekasirika, ama anakiogopa chakula cha watu, na maelezo yako yote ya daktari yatafika kwa wifi zako yakiwa na sura nyingine kabisa. Isitoshe, kuwasha majiko mawili kila siku baada ya kusomesha ni kazi ambayo hutaidumisha. Kubwa zaidi ni huyo binti: atajifunza kwamba chakula cha kulinda mwili ni cha mgonjwa, na chakula cha watu ni kile kingine.

Badilisha chungu, lakini usianzie kwenye nazi ya wali. Umeanzia pale ambapo macho na pua za watu wote zipo. Wali uliopungua nazi hapa Pemba hujulikana kabla ya kuonjwa. Anza na visivyotazamwa. Maandazi ya kukaanga ya kila asubuhi yabadilishe kwa mkate wa mofa, au muhogo wa kuchemsha, na maandazi yabaki ya Ijumaa. Sukari usiitie katika birika. Iweke mezani, kila mtu ajitilie, na utashangaa watoto wanavyoweza kupunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki chache bila ya kulalamika. Juisi ya bungo au ya ukwaju iwe ya wageni, na katika siku za kawaida watu wale chungwa lenyewe.

Ukifika kwenye nazi, pikia wali kwa tui jembamba, na kasimile, yaani tui zito la kwanza, uitie kidogo mwishoni katika mchuzi, kwa sababu harufu ndiyo inayomshuhudia mpishi. Halafu yapo mapishi ambayo mavyaa wako anayajua kuliko wewe: kisamvu, mbaazi, kunde, shelisheli la kuchoma, majimbi. Muombe akufundishe namna alivyokuwa akipika kisamvu alipokuwa msichana, akae jikoni akuelekeze, umsifu mbele ya mwanawe. Hapo yeye ndiye atakayekuwa amekibadilisha chungu, na hakuna tena atakayeuliza habari za duka.

Ama sinia, hilo usiliache, lina baraka zake na lina dawa yake pia. Usipakue chungu chote. Weka wali kidogo, samaki na mboga nyingi katikati, na bakuli la wali likae pembeni kwa anayetaka kuongeza. Wewe endelea kukaa na mavyaa mpaka anawe, ukichambua samaki na kula mboga. Adabu imetutaka tusiinue mkono mapema, lakini haikusema kila tonge liwe la wali. Mabaki safi yafunike mapema uyahifadhi katika friji, na yale yaliyochanganyika wape kuku. Kumpa kuku si israfu.

Muuguzi wa Kaskazini

Mwalimu, nakupa maelezo ya takwimu zako ili ujue umesimama wapi. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, sukari kabla ya kula ikiwa baina ya 6.1 na 6.9 imepanda lakini haijafika kisukari. Kisukari ni 7.0 na kuendelea, na kwa mtu asiye na dalili kipimo hurudiwa kabla ya kuthibitisha. Presha huitwa ya juu inapofika 140 kwa 90 ikipimwa katika siku tofauti, kwa hiyo yako imesogea lakini haijafika. Kiuno ndicho kinachonishughulisha zaidi, kwa sababu kwa mwanamke hatari huongezeka sana kikivuka sentimita 88, hata kama uzito wenyewe hauonekani mkubwa.

Habari njema ni kwamba katika hatua hii huhitaji kurudi kuwa kama ulivyoolewa. Kupungua baina ya asilimia 5 na 7 ya uzito hupunguza sana uwezekano wa kufika kwenye kisukari, na kwako hiyo ni kama kilo 4 hadi 6 tu. Kutembea kunakopendekezwa ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Si lazima nusu saa hiyo iwe ya mkupuo mmoja.

Kuhusu chai, nakubaliana na bibi. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 4 za sukari. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu ni gramu 36, kabla hujagusa juisi wala andazi, wakati mtu mzima anashauriwa asivuke kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abakie chini ya 25. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambazo ni sawa na kijiko kimoja cha chai, na katika hesabu hiyo mtie ng'onda na papa mkavu, ambao huja na chumvi yao.

Nina suali moja: katika mimba zako zozote, uliwahi kuambiwa kwamba sukari imepanda?

Baba wa Watatu, Mkoani

Naandika nikiwa upande wa mume, kwa sababu naona ametajwa kama mlaji tu. Mwalimu, kadi hiyo muoneshe yeye kwanza, mkiwa wawili, na umsomee zile tarakimu. Kisha yeye ndiye azungumze na mama yake. Neno la kupunguza nazi likitoka kwa mkaza mwana ni shutuma juu ya mapishi; likitoka kwa mwanawe ni ombi, na mama hulipa uzito mwengine. Mimi ndivyo nilivyofanya mke wangu alipopatwa na presha, na mama yangu akawa wa kwanza kuulizia kila siku kama mboga zimenunuliwa.

Vilevile asubuhi zenu zinaweza kugawanywa. Mwanamume mwenye duka anaweza kuwavisha watoto na kuwafikisha skuli. Sisi wanaume tunajua kufanya hivyo. Tunasubiri kuambiwa tu, na baadhi yetu tunasubiri kwa makusudi.

Mkulima wa Mwani, Jambiani

Dada yangu, msiba huulizwa mtu mmoja. Wakiwa watatu huulizwa wanakwenda wapi, na wakiwa sita watu huuliza kama wanaweza kujiunga. Tafuta walimu wenzako wawili, mtoke baada ya sala ya alfajiri, na mavazi yenu yawe yale yale ya heshima, ila viatu viwe vya kufunga vyenye soli laini. Tangu zamani kila tarehe 1 Januari huku Zanzibar tuna siku ya mazoezi ya viungo, na kina mama wenye mabuibui hutembea pamoja na vikundi bila ya mtu kushangaa. Kinachotakiwa ni macho hayo yazoee na siku nyingine.

Nakuongezea moja, kwa kuwa wengi hudhani sisi tunaolima mwani hatuhitaji ushauri huu. Kazi ya kuinama majini inachosha mgongo na magoti, lakini maji yakijaa tunarudi kukaa, na siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, wengine hatutoki kabisa. Kuchoka na kufanya mazoezi ni vitu viwili. Nawe ukisimama darasani kutwa, usijidanganye kwamba umetembea.

Mama wa Machomanne

Nawashukuruni nyote. Ushauri wa bibi wa kumuomba mavyaa afundishe kisamvu umenigusa, nami nimekwishamuomba. Amekubali kwa sharti kwamba kitwangwe kwa kinu, si kwa mashine, jambo ambalo naona litakuwa sehemu ya mazoezi yangu. Mume wangu nimemuonesha kadi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kuwapeleka watoto skuli ataanza yeye. Kuhusu nazi bado hajazungumza na mama yake, na simharakishi.

Ukhti, sikuuacha ushauri wako wote. Chakula cha usiku kwetu hakina sinia, kila mtu hunywa chai kwa wakati wake, kwa hiyo hapo nitajipangia changu bila ya kumuudhi mtu.

Dada wa Jambiani, mwenzangu mmoja amekubali kutembea. Wa pili anasema mpaka mvua zipungue.

Muuguzi, ni kweli, katika mimba ya mwisho niliambiwa sukari imepanda. Baada ya kujifungua nilielezwa kwamba imeshuka na mambo yamekwisha, na hakuna aliyenitaka nirudi kupima. Nami nina suali linalonikera tangu niandike hapo juu: mavyaa anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, ana kiu, na nguo zake zimeanza kumpwaya. Sote tulidhani ni utu uzima. Je, nimchukue siku yangu ya kurudi ikifika?

Muuguzi wa Kaskazini

Ahsante kwa kuniambia. Mwanamke aliyepata sukari katika ujauzito huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari miaka ya baadaye hata kama ilishuka baada ya kujifungua, kwa hiyo wewe upimwe kila mwaka hata majibu yakiwa mazuri, na historia hiyo iandikwe katika kadi yako.

Mavyaa wako usimsubirishe miezi mitatu. Kiu, mkojo wa mara kwa mara na kupungua mwili bila ya kukusudia, vikikutana, ni dalili za kisukari mpaka kipimo kikanushe, na mpaka hapo msimpunguzie chakula kwa kukisia. Mpeleke wiki hii, asubuhi, akiwa hajala kwa saa nane. Maji matupu anaruhusiwa. Kama anatumia dawa yoyote, ikiwemo ya miti shamba, mwende nayo mkaioneshe. Na akianza kutapika, kupumua kwa haraka au kusinzia isivyo kawaida kabla ya siku hiyo, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, awe amekula au hajala.